Pumzi ya Baba na Furu Zilizochacha

Mwezi uliopita kifuniko cha chupa kiliruka jikoni kwangu kikagonga dari. Mume wangu alikuwa bafuni; alidhani ni mtungi wa gesi, akatoka mbio hadi uani na taulo moja tu kiunoni, majirani wakapata habari ya wiki nzima. Kumbe zilikuwa furu. Rafiki zangu wakiwa na sherehe huniomba niwatengenezee maji ya matunda ya kuchanganyia vinywaji vyao: shira ya ukwaju, shira ya ubuyu, vipande vya chungwa vilivyokaushwa vya kupambia glasi. Safari hii niliwaahidi furu, nikazisahau dirishani penye jua. Nilipoingia na kitambaa cha kupangusia, harufu ikanipokea mlangoni, tamu, chachu, yenye kuchoma puani, nikajikuta nimeketi sakafuni, mtu mzima mimi, nacheka peke yangu. Harufu hiyohiyo iliwahi kuninyima usingizi nikiwa na miaka minane.

Kama ulikulia mikoa yetu ya kati, furu unaijua. Ni tunda jeusi, dogo, linaloanguka lenyewe mvua zikishakatika. Ukilila ulimi unakuwa mweusi hadi kesho yake, na mama hana haja ya kuuliza nani ameingia kwenye kapu. Sisi tulikaa Misigiri, kwa akina baba, lakini furu zetu zilitoka Mgori alikozaliwa mama, kule karibu na msitu. Bibi alizituma kwenye kiroba. Baba, ambaye ni Mnyiramba, hakuacha kumtania mama kwamba Wanyaturu hawana zawadi nyingine zaidi ya vitu vilivyoanguka chini. Mama naye alimjibu kwamba hata yeye alimwokota chini, na kiroba kilifunguliwa huku wote wawili wanacheka.

Lakini siwezi kusimulia habari ya furu kabla sijaeleza kazi yangu. Nilikuwa na kazi pale nyumbani ambayo mpaka leo sijasikia mtoto mwingine amepewa. Nilikuwa namnusa baba.

Kila jioni alirudi kutoka kwenye mashine ya kukamua alizeti, nguo zimelowa mafuta, nywele zina maganda. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaja nilipo, akainama, mikono magotini, akafungua mdomo akapumua: haaa! Mimi nikasogeza pua. Jiko letu lilikuwa kibanda cha nje, na mama hakutoka, aliuliza akiwa hukohuko ndani ya moshi, "Sifa, baba yako vipi?" Nami nikajibu kwa sauti, "Safi!" Hapo baba alinyooka, akavua viatu, jioni yetu ikaanza.

Kazi hiyo ilizaliwa na mnada wa Kinyangiri. Baba alikuwa mnywaji, sitalificha hilo, na wala halikuwa siri Misigiri nzima. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Pombe ilimfanya msahaulifu tu. Siku hiyo alinichukua kwenye gari la mnada, tukanunua mbuzi wawili, kisha akaniketisha kwenye benchi mlangoni mwa kilabu cha pombe ya mtama, akaniambia anaingia mara moja. Nilikaa pale nikivuta harufu iliyotoka mlangoni mpaka nikaizoea kama harufu ya nyumba. Baadaye nilisogea kidogo kwenda kumtazama mama mmoja aliyekuwa anauza dagaa, niliporudi baba hayupo, mbuzi hawapo, na gari la Misigiri limeondoka. Baba alifika nyumbani na mbuzi wote wawili. Aliwakumbuka mbuzi, nikasahaulika mimi.

Yule mama wa dagaa alinifunika kanga yake, akanipa andazi, akakaa nami hadi baba alipotokea jioni kwenye pikipiki ya kukodi, amelia uso mzima. Alikuwa hana kileo tena kichwani. Tangu siku hiyo hakunywa. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mama alimwambia mbele yangu, bila kupandisha sauti, "Ukirudia hata siku moja, mimi na mtoto tunarudi Mgori." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Sifa, utakuwa unamnusa."

Nikaelewa hivi: nyumba yetu imesimama kwenye pua yangu. Nikisema "safi," tunabaki. Nikisema vingine, mama atafunga virago, baba atabaki na baiskeli yake, na mimi nitakuwa mtoto wa Mgori mwenye baba wa kusimuliwa. Hakuna aliyenieleza hivyo. Niliyaweka pamoja mwenyewe, nikayabeba. Nilijifunza kutofautisha karanga na kitunguu, mswaki wa mti na sigara ya jirani. Mashudu ya alizeti niliyajua yakiwa mabichi na yakiwa ya jana. Pipi za mnanaa zilipigwa marufuku nyumbani kwetu, maana mama alijua walevi wanazifanyia nini.

Ndipo akaja mjomba Petro, mdogo wake mama, aliyekuwa anafanya kazi kaunta ya hoteli moja pale Singida mjini. Alikuja Jumapili amevaa shati la mikono mirefu, akakaa kwenye kigoda kana kwamba ni kiti cha mkutano.

"Dada, wageni wananiletea shida," alisema. "Wanataka koktel ya matunda ya kwetu. Mimi nina maji ya maboksi, yana ladha ya rangi ya ukuta."

"Koktel ndiyo nini?" mama aliuliza.

"Pombe kali kidogo, tunda kidogo, barafu, halafu maneno mengi."

Mama alikunja uso aliposikia pombe. Mjomba akaharakisha kumwambia kwamba pombe inakaa hotelini, yeye atatengeneza matunda tu. Hata tone halitaingia nyumbani. Mama alitazama mlangoni, baba alikokuwa anafunga mnyororo wa baiskeli, akafikiri. Alikuwa mpishi mzuri anayechoshwa na kupika ugali na mlenda kila siku ya Mungu, na nadhani hicho ndicho kilichomshinda. "Ukwaju ninao," akasema mwishowe. "Ubuyu upo. Furu nitaagiza."

Zile wiki zilizofuata zilikuwa tamu kuliko zote nilizoishi Misigiri. Nilirudi kutoka shule nikakuta uani kumegeuka kiwanda. Ukwaju niliumenya mimi, maganda yakinipasukia vidoleni, mama akauloweka kwenye maji ya moto, akauvuruga kwa mkono, akauchuja kwa kitambaa cheupe, kisha akauchemsha na sukari mpaka ukashika mgongo wa kijiko ukikataa kudondoka. Ubuyu tuliuosha mbegu zake mpaka zikabaki nyeusi na uchi, maji yake yakapikwa na hiliki. Machungwa yaliyoletwa na magari ya barabara kuu aliyakata duara nyembamba, akayaanika kwenye ungo chini ya kipande cha chandarua, nami nikapewa fimbo ya kufukuza kuku. Kuku wa kwetu hawana adabu. Walipanda juu ya ungo nikiwaangalia.

Furu peke yake haikutaka moto. Mjomba alisema ikipikwa harufu yake inakufa. Kwa hiyo mama alizipondaponda kidogo, akazipanga kwenye vyombo vipana vya plastiki, safu ya furu, safu ya sukari, akatia maji ya uvuguvugu kidogo, akafunika kwa kitambaa, akavipeleka stoo. Humo stoo kulikuwa na magunia ya mashudu ambayo baba aliyaleta kutoka kwenye mashine kwa ajili ya nguruwe wa jirani, yakiwa bado na joto. Kila asubuhi mama alivitikisa vile vyombo, kila asubuhi maji meusi yaliongezeka. Siku ya tatu nilibandika sikio kwenye kimoja. Ndani kulikuwa na sauti ndogo ya kuchemka, bila moto.

Sauti hiyo niliijua. Niliisikia pale benchini Kinyangiri, mapipa yakiwa nyuma ya ukuta. Nikaondoa sikio nikatoka nje, sikumwambia mtu. Nilijiambia mama ni mtu mzima, anajua anachofanya.

Jioni hiyo nilitumwa maziwa kwa jirani. Niliporudi baiskeli ya baba ilikuwa tayari ukutani, kabla ya wakati wake. Nikamwona anatoka stoo, kijiko mkononi, anapangusa mdomo kwa kiganja. Midomo ilikuwa myeusi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya maji, akasukutua, akatema, akasukutua tena, akatema tena. Alipogeuka akaniona nimesimama na birika la maziwa. Nafikiri ilikuwa mazoea tu, maana alikuja akainama, mikono magotini, akapumua.

Ilikuwa pombe. Chini ya maji aliyosukutulia, chini ya utamu wa furu, ilikuwepo, harufu ya mlango wa kile kilabu, yenyewe kabisa.

"Sifa!" mama aliita kutoka jikoni. "Baba yako vipi?"

Baba alinitazama. Nilitazama midomo yake myeusi, nikatazama moshi wa jikoni.

"Safi!" nikajibu.

Baba akalichukua birika taratibu mkononi mwangu, akaenda nalo jikoni. Mimi nilibaki pale uani na uongo wangu wa kwanza wa maana. Nilikuwa nimewahi kudanganya kuhusu sukari na kuhusu kuoga, lakini huo ulikuwa wa watu wazima. Sikula. Nilisema kichwa kinauma, nikaenda kulala, nikasikia wazazi wangu wanaongea chini chini upande wa pili wa ukuta, muda mrefu, bila mimi kuokota hata neno moja. Nikaamini wanagombana. Asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilitia madaftari yangu ya zamani, gauni la kanisani na sega kwenye mfuko wa rambo, nikauficha chini ya kitanda. Kama ni Mgori, angalau nisisahau sega.

Shuleni siku hiyo nilichapwa kwa kutojua saba mara nane, na wala sikuhisi.

Niliporudi nilikimbilia stoo. Vyombo vyote vya furu vilikuwa havipo. Nikavikuta nyuma ya nyumba, vimeoshwa, vimefudikizwa juani, havina hata tone. Vinne! Nilihesabu mara mbili. Niliwaza: baba amevimaliza vyote usiku mmoja. Mtu hawezi kunywa vile akabaki mzima. Nikawa bado nimesimama pale, nikitafuta pa kuanzia kulia, nilipomwona jogoo wetu mwekundu.

Alikuwa ameegemea ukuta wa banda. Jogoo, ameegemea ukuta. Alijaribu kuwika, ikatoka sauti moja ya kukwaruza, akakaa chini ghafla mkia ukiwa mbele. Pembeni yake tetea wawili walikuwa wanatembea kwa upande, na mmoja akapita akiifuata miguu yake mwenyewe mpaka akagonga ndoo. Chini, kwenye shimo la takataka, kulikuwa na rundo jeusi la furu zilizopondwa, na vifaranga wamezama humo hadi shingoni. Wewe unacheka. Mimi nilijua kuku wakianza kuyumba hivyo ni mdondo, wanakufa banda zima kabla ya jua kuzama. Na kama kuku wanakufa kwa kula kile alichokunywa baba, basi baba amelala mahali amekwisha kufa.

Niliingia jikoni nikipiga mayowe. "Mama, usiondoke! Baba amekunywa ya stoo! Nilisema safi, haikuwa safi, nilidanganya mimi, na sasa kuku wanakufa na baba atakufa!"

Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Akanitazama, akachungulia nje, akamwona jogoo. Hapo akaketi juu ya kuni, akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mama yangu, hadi machozi yanamtoka, na alinivuta nikaanguka kwenye mapaja yake, kanga inanuka moshi na ukwaju.

"Wamelewa," akasema aliposhika pumzi. "Hao kuku wamelewa tu, mwanangu. Wataamka na kichwa kinauma."

"Na baba?"

"Baba yako yuko kwenye mashine. Sikiliza." Akanipangusa kamasi. Akanieleza kwamba yeye hajawahi kuonja pombe maishani, hajui wanywaji wa vitu hivyo wanataka nini, kwa hiyo ni yeye aliyemwomba baba awe anaonja matunda kwa kijiko, matunda tu. Jana baba aliwahi kurudi, akaingia stoo kuonja furu. Kilipogusa ulimi akajua. Hakumeza. Alitema, akasukutua, na mimi nilipokwenda kulala akamwambia: mama Sifa, zile furu zimechacha, joto la mashudu limeziumua, imeshakuwa pombe ile. Imwage yote. Na kuanzia leo kuonja tafuta mtu mwingine, mimi ulimi wangu haujasahau.

"Asubuhi nimemwaga," mama akasema. "Kosa langu kumwaga karibu na banda."

Niliyapanga hayo kichwani. Njia ya mwongo ni fupi, walituambia shuleni, lakini yangu mimi ilikuwa fupi kupita kiasi. "Kwa hiyo ulijua nimedanganya," nikasema.

"Nilijua."

"Hujaninusa mimi wala baba. Ulijuaje?"

"Siri ya mtungi aijuaye kata," mama alisema. "Nalala na yule mtu chumba kimoja, Sifa. Anywe kijiko kimoja cha pombe, mimi ningoje pua yako?"

Sasa nilikasirika. Mwaka mzima nilikuwa nimesimama uani kila jioni, hata siku za homa, hata siku wenzangu walipokuwa wananiita nje kucheza rede. "Sasa nilikuwa namnusa wa nini?"

Mama alikoroga ugali ambao haukuhitaji kukorogwa. "Siku ile alikusahau," akasema. "Nilitaka kila jioni akikanyaga hapa, wa kwanza kumwona uwe wewe. Akuinamie, akutazame usoni. Basi, hiyo tu. Sikujua kama wewe umejitwika nyumba nzima." Akageuka akanitazama, na mara hii machozi hayakuwa ya kicheko. "Nisamehe, mama. Ulikuwa mzigo wa mtu mzima."

Sijui wenzangu wa rika langu mlisikia mara ngapi mzazi akiwaomba msamaha. Mimi ilikuwa mara ya kwanza, na sikujua pa kutazama, nikatazama moto.

"Na Mgori?" niliuliza.

"Mgori naenda Jumamosi," mama alisema. "Kuchukua furu nyingine. Mjomba wako bado anazidai. Nitarudi jioni hiyohiyo, kwa hiyo kwenye ule mfuko uliouficha chini ya kitanda nirudishie sega langu, nimelitafuta tangu asubuhi."

Nilihisi mwili wote umekuwa mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani na shingo bado haijaamini. Nilikunywa maji vikombe vitatu. Nilikula kiporo chote cha mchana.

"Kuanzia leo hunusi mtu," mama akasema. "Akija baba yako, mwamkie kama watoto wengine wanavyoamkia wazazi wao."

Baba alikuja jua likiwa limeshuka kwenye mabati ya jirani. Aliegemeza baiskeli, akawapita kuku waliokuwa bado wamelala hovyo katikati ya uwanja, akawatazama, akatikisa kichwa. Akaja nilipo. Akainama, mikono magotini, akafungua mdomo.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Alibaki vilevile, mdomo wazi, pumzi ameizuia. Alingoja pua yangu. Jikoni hakukutoka swali lolote. Nilisikia tu mwiko unagonga sufuria, mara moja. Baba alitazama upande ule kwa muda mrefu, akanitazama mimi, na nikaona inamwingia taratibu kwamba hakuna mtu anayengoja jibu.

"Marahaba, mama," akasema, na sauti ilikuwa ya kukwaruza kuliko ya jogoo. Badala ya kunyooka akaketi palepale chini, mavumbini, na nguo zake za mafuta, akiwa ameushika mkono wangu bila kuukaza. Nilingoja kidogo kuona kama kuna kingine kinachotakiwa kwangu. Hakikuwepo. Wenzangu walikuwa wanaita kutoka barabarani, mpira wa rede umekwisha sokotwa. Nikautoa mkono wangu, nikaenda kucheza.